Jina la Mtoto wa Siku Nne

Mtoto tuliyemtafutia jina alikufa akiwa na siku nne, katika chumba cha nyuma ya duka mjini Kisumu, zaidi ya miaka hamsini kabla ya asubuhi ile niliyoandika jina lisilo lake kwenye fomu ya simu, nikiwa nimesimama jikoni kwa mama yake, Handsworth, mjini Birmingham, Uingereza. Kesho yake, juu ya mto ambao sijawahi kuufikia, mwanamume mmoja alilisoma jina hilo kwa sauti, akawasha taa ndogo ya samli, akaiacha iende na maji.

Jina hilo nililiandika mimi. Hakuna aliyeniagiza.

Wakati huo nilikuwa nikihudumia wazee majumbani, kazi ambayo Wakenya wengi wa Birmingham wanaifanya au wamewahi kuifanya. Kabla ya hapo, Kisumu, nilikuwa nikiliandikia gazeti dogo habari za mahakamani, na tabia ya kuandika saa na mpangilio wa mambo sijaiacha. Ndiyo maana naweza kusema kwamba mzunguko wangu wa asubuhi ulianza saa moja kamili Handsworth, dakika arobaini na tano, kisha basi hadi Aston kwa mzee wa pili, aliyenisubiri saa mbili na robo. Simu ya kazi ilihesabu kila kitu. Ukiingia unabonyeza, ukitoka unabonyeza, na ukichelewa mtu ofisini anaona rangi nyekundu kwenye jina lako.

Mama wa Handsworth alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu. Watu wote walimwita Ba, neno ambalo kwa Kigujarati ni mama na pia ni bibi, nami nikamwita hivyo. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mekundu, moja katika safu ndefu ya nyumba zilizoshikana, na tangu apasuliwe goti alikuwa hatoki mlangoni isipokuwa kwenda hospitali, akibebwa na watu wa ambulensi.

Siku ya kwanza alikishika kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwangu, akasoma jina, akanitazama usoni.

"Wewe Mjaluo?"

"Ndiyo, Ba."

"Wa wapi?"

"Kisumu."

"Kila mtu nasema Kisumu. Kisumu wapi?"

Nikamtajia mtaa. Akasema duka lao lilikuwa karibu na soko, la vitambaa, na kwamba mvua kubwa ikinyesha maji yalikuwa yakiingia mpaka kwenye marobota. Tangu dakika hiyo hakuzungumza nami Kiingereza. Kiswahili chake kilikuwa cha kaunta: kifupi, cha moja kwa moja. Leta. Weka. Ngoja. Alikuwa hajakitumia kwa miaka mingi, lakini kilitoka kama kitu kilichokuwa kikisubiri mteja. Mwanawe, aliyekuja kila Jumamosi, hakukijua. Aliletwa Uingereza akiwa mchanga. Mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa chuo kikuu, alijua "njoo" na "chakula", na zaidi ya hapo alicheka tu.

Mjukuu huyo ndiye aliyemletea mto. Ba alitaka maisha yake yote kwenda Kashi, mji ambao ramani huuita Varanasi, ambako Wahindu huoga katika mto Ganga jua linapochomoza. Mumewe alimwahidi watakwenda duka likitulia. Duka halikutulia, kisha wakahama nchi, kisha mume akafa, na mwishowe daktari wa moyo akamkataza Ba kupanda ndege. Basi mjukuu akatafuta kwenye mtandao, akampata mwongozaji mmoja anayewapeleka wageni kwa mashua kando ya ngazi za mto kila alfajiri. Walio mbali huwarekodia safari nzima na kuwatumia. Jua la huko huchomoza Birmingham ikiwa bado imelala, kwa hiyo nilipofungua mlango saa moja, safari ya siku hiyo ilikuwa imekwisha kufika, na Ba alikuwa ameketi mbele ya runinga na shali yake, akinisubiri niiwashe. Alijua kuiwasha. Alitaka tuanze pamoja.

Nilifanya kazi zangu huku mto ukipita. Nilipanga dawa, nikakoroga uji, nikamchana nywele na kuzisuka msuko mmoja mwembamba. Baada ya wiki chache niliijua safari ile kwa mpangilio wake. Mashua iliondoka kwenye ngazi za kusini giza likiwa bado limekaa juu ya maji. Mwongozaji alikuwa mtu wa makamo, mwenye kofia ya sufu na Kiingereza cha taratibu. Mpiga makasia hakuonekana uso hata siku moja, mikono tu. Kushoto zilipita ngazi za mawe, zikishuka kutoka kwenye majumba marefu mpaka ndani ya mto, na juu yake watu: wazee wakijichovya mara tatu wameziba pua, makuhani chini ya miavuli ya mianzi, wanaume wakipiga nguo juu ya mawe, wanawake wakikamua sari. Kulia hakukuwa na kitu ila mchanga. Mji wote umejengwa ukingo mmoja, alisema mwongozaji, ili kila aliyesimama ngazini alitazame jua. Jua lilitoka juu ya mchanga ule likiwa jekundu na bado halina nguvu, na hapo ndipo maji yalipopata rangi.

Ba hakuwa mtazamaji wa kukaa kimya. Mwongozaji akisema jumba fulani lina miaka elfu, alimjibu kwa Kiswahili.

"Mwongo huyu. Angalia dirisha. Dirisha la Mwingereza hilo."

"Labda walilibadilisha, Ba."

"Wewe namtetea kwa nini? Ndugu yako?"

Waogaji wa rika lake aliwasifia magoti. "Angalia yule mama. Napanda kama mbuzi." Halafu kiganja chake kikaanza kulisugua goti la kulia bila yeye kujua. Nami nilikuwa na yangu. Nilikuwa sijamwona mama yangu kwa miaka sita. Kuna asubuhi nilisimama na mwiko mkononi nikimtazama mwanamke mmoja ngazini akikamua sari, akiizungusha mbali na mwili ili asilowe, vilevile mama alivyokuwa akikamua leso zake, na uji ukaungua.

Jambo lenyewe lilianza asubuhi moja ya baridi. Mashua ilikuwa imefika kwenye ngazi wanakochomea maiti. Kila siku akifika hapo, mwongozaji alishusha kamera ikatazama maji, kwa heshima, akaendelea kusimulia bila picha. Siku hiyo mgeni mmoja ndani ya mashua alimwuliza swali, na yeye akaeleza jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilieleza. Si kila maiti huchomwa, alisema. Mtoto mchanga hachomwi, kwa sababu hana kitu cha kusafishwa na moto. Yeye hupewa mto, au hupewa udongo, hivyohivyo alivyo.

"Rudisha," Ba akasema.

Nikarudisha.

"Tena."

Mara ya tatu aliniambia nizime. Nilidhani anajisikia vibaya, nikamshika mkono nimpime mapigo. Akauondoa.

"Wangu walimpa udongo," akasema. "Wanaume walikwenda naye asubuhi, baba yake na wengine. Sisi wanawake hapana kwenda. Mimi nilibaki na maziwa."

Alisema hayo akiitazama runinga iliyozimwa. Mtoto alikuwa wa kike, wa kwanza. Mwanawe wa Jumamosi alizaliwa baadaye na hakuwahi kuambiwa. Kwa Kigujarati jambo hilo halikutamkwa katika nyumba ile, na mumewe alikufa bila kulitaja. Mimi nililisikia kwa sababu nilitoka Kisumu na kwa sababu lugha tuliyoongea haikujulikana na mtu mwingine humo ndani.

Kilichomsumbua, alivyoeleza, hakikuwa kaburi. Kilikuwa jina. Kwao mtoto hupewa jina siku ya sita. Karatasi nyeupe na kalamu huwekwa kando ya kitanda chake, mungu wa kike aje amwandikie maisha yake. Na jina halitolewi na baba wala na mama. Hutolewa na shangazi, dada wa baba, yeye peke yake, naye hulinong'oneza sikioni mwa mtoto kabla hajawatangazia wengine. Kuhani alikuwa amekwisha kusoma nyota na kutoa herufi ya mwanzo. Shangazi alikuwa amekwisha kushona nguo. Mtoto hakufika siku ya sita.

"Huyo shangazi yuko wapi?" nikauliza. Nilitarajia kuambiwa alikufa, au yuko Nairobi.

"Edgbaston," akasema Ba.

Kutoka Handsworth hadi Edgbaston ni basi moja na tramu moja. Walikuwa wameishi katika mji mmoja kwa zaidi ya miaka thelathini, wakionana harusini, wakisalimiana kwa viganja, wakikaa meza mbalimbali. Sababu ilikuwa maneno matatu. Siku ya nne, mtoto akiwa bado hajaondolewa, shangazi alisimama mlangoni mwa chumba cha mzazi, watu wote wa nyumba wakiwa nyuma yake, akasema: afadhali ni msichana.

"Mimi nangoja yeye aseme amekosa," Ba aliniambia. "Yeye nangoja mimi nisahau. Wote nazeeka."

Mwisho wa kila safari mwongozaji aliwasha taa za watu waliomtumia majina ya wafu wao. Sehemu hiyo sikuwahi kuiona, kwa kuwa dakika zangu ziliisha kabla, ila Ba alinieleza: kikombe cha jani, maua ya manjano, utambi wa pamba ndani ya samli. Husoma jina la marehemu, jina la baba yake na ukoo, kisha huiweka taa juu ya maji. Wiki moja baada ya mazungumzo yale alinipa simu yake niijaze fomu.

"Baba andika. Ukoo andika. Jina acha."

"Niache wazi?"

"Acha. Mungu najua nani."

Nilijaza jikoni, naye akiwa sebuleni. Ilikuwa saa moja na dakika arobaini na tatu. Fomu ilikataa kwenda, mstari mwekundu ukatokea chini ya kisanduku cha jina. Nikaweka kistari, ikakataa. Nikaweka nukta, ikakataa. Basi la Aston lilikuwa linakaribia, na ofisini jina langu lilikuwa linajiandaa kuwa jekundu. Kwetu sisi mtoto anaweza kupewa jina na bibi yeyote aliye karibu, hata mkunga, hata jirani, na jina likiwa silo, mtoto hulia mpaka litafutwe jingine. Sikuona ubaya. Niliandika jina pekee la msichana wa Kihindi ambalo nilikuwa na hakika nalo, la mtoto niliyekaa naye dawati moja shule ya msingi, nikabonyeza, nikavaa koti. Nilikusudia kumwambia kesho.

Kesho hakunisubiri. Nilipofungua mlango runinga ilikuwa imewashwa tangu mapema, safari imekwisha kufika mwisho, na picha ilikuwa imesimamishwa kwenye taa ndogo juu ya maji ya kijivu.

"Huyu nani?" akauliza.

Nilieleza nikiwa bado na koti mwilini.

"Na hii jina wewe umetoa wapi?"

"Ni la mtoto niliyesoma naye, Ba. Fomu ilikataa kuwa tupu."

"Fomu ilikataa," akarudia. Hakupandisha sauti. "Mimi mama yake. Miaka yote nimekaa bila kumpa jina, kwa sababu si kazi yangu. Wewe dakika moja."

Hata herufi ya mwanzo haikuwa ile ya kuhani.

Kwa siku tatu alizungumza nami Kiingereza. Asante, tafadhali, sukari inatosha. Tuliutazama mto, mwongozaji akatoa umri wa majumba yake, na hakuna aliyemjibu. Ba aliizima runinga kila mara kabla sijatoka, ili asizione taa. Katika siku hizo tatu ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nikiiharakia nyumba ile kila asubuhi ili nisemeshwe.

Siku ya nne, nikimchana nywele, aliongea bila kugeuka.

"Jumapili wewe nafanya kazi?"

"Hapana, Ba. Naenda kanisani."

"Na baada ya kanisa?"

"Napumzika."

"Hapana pumzika. Wewe umeshika kitu ya mtu bila ruhusa. Sasa nenda kwa mwenyewe, uliza ile ya kweli."

Akafungua droo, akatoa kadi ya zamani ya harusi. Nyuma yake iliandikwa anwani ya Edgbaston.

Sheria za kazi haziruhusu mhudumu kupeleka salamu za wazee wake. Nilikwenda. Nilishuka kwenye tramu nikatembea chini ya miti mikubwa, nikipita nyumba zilizojificha nyuma ya ua, na katika robo saa nilikutana na mtu mmoja tu na mbwa wake. Mlango ulifunguliwa na mwanamume mwenye mvi na makubazi, mtoto wa shangazi, daktari. Niliposema nimetoka kwa Ba, alitazama nyuma yangu kuona kama yupo.

Shangazi alikuwa katika chumba cha vioo upande wa bustani, akichambua dengu kwenye sinia. Alikuwa mrefu, amevaa sari nyeupe ya ujane na sweta juu yake. Alinisalimu kwa Kijaluo, akafurahi kuona nimeshtuka. Yeye alibaki Kisumu miaka mingi baada ya kaka yake kuhama, na Kiswahili chake kilikuwa kimeshiba kuliko cha Ba.

"Amekutuma?"

"Ndiyo, Mama."

"Yeye mwenyewe hana miguu?"

"Ana goti bovu."

"Mimi ninayo mawili mabovu. Na ulimi? Ulimi nao una goti?"

Nilimweleza yote kwa mpangilio, kama nilivyozoea kuandika kesi: mashua, maneno ya mwongozaji, fomu, kosa langu. Vidole vyake viliendelea kutenga dengu na mawe. Nilipokaribia yale maneno matatu nilisita.

"Sema," akaniambia. "Afadhali ni msichana. Nilisema mimi."

Kisha akaniuliza kama najua yeye aliyasikia wapi. Aliolewa Jinja, Uganda, na kabla ya kurudi Kisumu alizaa huko mtoto wa kike aliyekaa siku kumi na mbili. Hiyo ilikuwa kabla Ba hajaletwa katika ukoo wao, na hakuna aliyemsimulia.

"Mama mkwe wangu aliniambia hivyo hivyo, nikaacha kulia. Nilidhani ni dawa. Nikampa na yeye." Akasukuma punje chache upande wa pili wa sinia. "Hilo usimpelekee. Ni langu."

"Na jina, Mama?"

"Ninalo. Watoto saba wa kaka zangu nimewapa majina, hilo sijampa yeyote."

"Naweza kumpelekea?"

"Jina si barua. Jina linakwenda sikioni. Mtoto hana sikio tena, basi litakwenda la mama yake."

Mwanawe, aliyefika mlangoni wakati huo, alijitia katikati kwa Kiswahili cha utotoni mwake. "Mama, simu nayo inawekwa sikioni."

"Simu ina masikio mengi," akasema shangazi, na akarudi kwenye dengu zake.

Jumatatu Ba alitaka kila neno. Nilimpa yote isipokuwa moja.

"Nini tena?"

"Basi, Ba."

"Wewe mtu wa kuandika. Wewe hapana sahau kitu."

"Kipo kitu kimoja. Si changu kukitoa."

Nilitegemea hasira. Aliinamisha kichwa nimalize kumsuka. Nilikuwa nimekwisha kuvaa koti aliposema, "Aje."

"Lini?"

"Mimi niko kila siku. Naenda wapi?"

Nilimpelekea daktari ujumbe kwa simu, na Jumapili iliyofuata nilipita kwa Ba baada ya kanisa. Alikuwa ameketi tangu asubuhi, amevaa sari ya buluu ambayo sikuwahi kuiona. Mezani kulikuwa na karatasi nyeupe na kalamu. Sikuuliza. Gari lilipofika nilifungua mlango wa mbele, na hapo ndipo sote tuliposhtukia jambo ambalo katika matayarisho yote hakuna aliyelifikiria. Kutoka njiani hadi mlangoni kwa Ba kuna ngazi tano za mawe, zimelika katikati kwa kukanyagwa, wala hazina pa kushika. Nyuma ya nyumba hakuna njia.

Shangazi alishuka kwenye gari na kitembezi chake, fremu ya kuegemea, akafika ngazi ya kwanza, akaujaribu mguu, akaurudisha. Akajaribu wa pili, akaurudisha. Mwanawe akamwambia tumweke kwenye kiti, yeye na mimi, tumpandishe.

"Dakika moja tu, Mama."

"Nitabebwa mara moja tu," akasema shangazi, "na siku hiyo sitakuwa na la kusema. Nyumbani kwa mtu naingia na miguu yangu."

Ba alikuwa amejikokota hadi kizingitini na kitembezi chake, mimi nimesimama nyuma yake na mikono wazi, maana mhudumu haruhusiwi kumwinua mzee kwenye ngazi na goti lake lisingekubali. Mmoja juu, mmoja chini. Walizungumza Kiswahili. Nadhani ni ili majirani wasielewe, maana kushoto ni Wagujarati na kulia Wapunjabi.

"Umezeeka," akasema Ba.

"Na wewe umenenepa."

"Panda."

"Shuka wewe."

"Jina natolewa nyumbani. Si barabarani, si hospitali."

"Najua linatolewa wapi. Nimetoa saba."

"Basi sema hapo hapo ulipo."

"Mtaa wote usikie? Jina la mtoto?"

Basi lilipita mbali, huko Soho Road. Ba alikaza vidole kwenye kitembezi.

"Ile neno ulisema nyumba yote nasikia," akasema.

Shangazi alitazama mawe ya ngazi. Mwanawe alikuwa ameshika kiwiko chake na hakuwa anaelewa kinachosemwa, ingawa kila neno alilijua.

"Nilisema," akajibu. "Nilikosa."

Niliinama nione uso wa Ba. Hakuwa analia. Alikuwa anazihesabu ngazi.

"Goti lipi?" akauliza hatimaye.

"Yote mawili."

"Mimi la kulia."

Walikaa hivyo kama dakika ishirini, wakiulizana dawa na majina ya madaktari, mpaka manyunyu yalipoanza na daktari akamrudisha mama yake garini. Jumapili ya pili daktari alileta mteremko wa bati wa kukunja. Ngazi ni za wima mno. Kitembezi kiliteleza kabla shangazi hajafika katikati, tukamkamata.

Niliiandikia halmashauri ya jiji kuomba mteremko wa kudumu na vyuma vya kushika. Barua ikaja kwamba ombi limepokelewa. Kisha akaja mtu na futi, akapima ngazi na njia, akachora, akaandika. Alisema inawezekana, ila mteremko hauwezi kwenda moja kwa moja. Itabidi upinde upite mbele ya dirisha la jirani wa kulia, na kwa hiyo jirani lazima atie sahihi. Alituachia karatasi yenye nafasi ya sahihi hiyo.

Shangazi ana kikohozi tangu wiki iliyopita. Mwanawe amenipigia mara mbili kuniuliza kama kuna habari. Ba haulizi, ila kila asubuhi ninapoingia hunitazama mikononi kwanza, kama nimeshika karatasi yenye sahihi, kisha usoni.

Nimegonga kwa jirani siku tofauti, asubuhi na mchana. Mapazia yamefungwa, na barua zimejaa nyuma ya mlango. Mwenye duka la pembeni anasema mzee huyo amekwenda India kumwona dada yake. Hajui amesafiri kwa muda gani, na namba yake ya simu hana.